Kengele ya Saa Kumi Iliyolia Saa Nne

Wiki ya tatu ya mazoezi ya kufundisha, siku ya Jumanne, shule niliyopangiwa ilifunga saa nne asubuhi. Hakuna aliyetoa ruhusa. Kengele ya kutawanyika ililia, ile ndefu ya mara tatu ambayo kazi yake ni kulia saa kumi jioni, na wanafunzi wakabeba mabegi kwa furaha ambayo sijaiona tena. Mimi nilikuwa kidato cha pili B, katikati ya kanuni ya Archimedes. Nilibaki na ubao.

Kengele hiyo haikuwa rimu ya gari inayoning'inia mwembeni na kugongwa kwa nondo. Hiyo ipo pia, na haijawahi kukosea. Hii ilikuwa ya umeme, imetengenezwa na binti wa kidato cha tatu wa klabu ya sayansi: bodi ya Arduino, chipu ya saa aina ya DS1307 yenye kibetri chake kama kifungo cha shati, relei moja, na honi ya gari iliyotoka gereji. Alijifunza mwenyewe, kwa simu ya kaka yake na kompyuta ya maabara.

Makamu mkuu wa shule alimwita mbele ya walimu na hukumu ikasomwa kabla ya ushahidi. "Huyu amechanganya saa za Kizungu na saa za Kiswahili. Tofauti ni saa sita kamili, nani haoni?" Kifaa kikapelekwa stoo, binti akaambiwa asiguse vifaa vya maabara mpaka aitwe.

Kusema ukweli, hoja ya makamu ilikuwa na mashiko. Toa saa sita kwenye saa kumi jioni, unapata saa nne asubuhi. Hata mimi ninayesoma ualimu wa Fizikia na Hisabati nilitikisa kichwa kukubali. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Jana yake kengele ya kipindi cha pili ililia dakika kumi na mbili kabla ya wakati, na ya kipindi cha tatu dakika sita kabla. Mtu akichanganya saa za Kizungu na za Kiswahili, dakika haziguswi. Saa mbili na robo ni 08:15, robo ni robo kote. Hizo dakika kumi na mbili zilitoka wapi?

Binti mwenyewe alisema sentensi moja: "Mwalimu, saa niliiseti sawa."

(Ili tusipotezane: nikitaja saa kwa maneno, ni saa zetu. Nikiandika 08:40 kwa tarakimu, ni saa ya chipu, ya kuanzia 00 hadi 23.)

Kiboksi cha kuazima

Wikendi hiyo nilipanda basi kurudi chuo. Chumba cha jirani hosteli anakaa jamaa anayesoma uhandisi wa elektroniki, na nilikuwa nimewahi kuona mezani kwake kiboksi kidogo kuliko kiberiti, chenye nyaya za rangi. Kinaitwa lojiki analaiza. Kazi yake ni ya kijinga kabisa: unakishikiza kwenye nyaya za kifaa chochote cha dijitali, nacho kinaandika, mara milioni kadhaa kwa sekunde, kama kila waya una umeme au hauna. Moja au sifuri. Hakielewi chochote. Hiki cha jamaa ni cha zile aina za bei ndogo zenye chipu ya Cypress FX2, njia nane, mwisho wake sampuli milioni 24 kwa sekunde.

Kinachofanya kiboksi hicho kiwe na maana ni programu upande wa laptopu. Jamaa anatumia sigrok, mradi wa programu huria ulioanza mwaka 2010, na dirisha lake la kuangalizia linaitwa PulseView. Bure, na msimbo wote uko wazi chini ya leseni ya GPL. Ukiwasha, unaona mistari ya pembe-pembe inapanda na kushuka kama meno ya msumeno. Ukiangalia kwa macho peke yake ni kama kumsikiliza mtu anaongea lugha usiyoijua: unasikia sauti, unasikia anapumzika wapi, maana hupati.

Hapo ndipo inaingia dikoda, na hiyo ndiyo sababu ya makala hii. Dikoda ni kijiprogramu kinachojua itifaki moja, yaani makubaliano ya jinsi vifaa viwili vinavyoongea. Kinachukua zile moja na sifuri na kuandika chini yake maana: hapa mazungumzo yameanza, hapa fulani ameitwa, hapa amejibu namba hii. Sigrok ina dikoda zaidi ya 100, na karibu zote zina sura ile ile: folda moja, ndani yake faili mbili za Python. Faili moja ni fupi, kazi yake ni maelezo na kuitambulisha dikoda. Nyingine inaitwa pd.py na ndiyo yenye akili.

Jumatatu saa mbili kasoro nilikuwa stoo. Mwalimu wa maabara alinifungulia kwa sharti kwamba honi nisiiunganishe, kwa hiyo tulibaki na mlio mdogo wa relei tu, tak. Nilishika nyaya mbili zinazounganisha Arduino na chipu ya saa, nikabonyeza anza, nikapata takataka. Mistari inaruka ovyo kama mvua kwenye bati. Nilihangaika robo saa kabla ya kukumbuka kwamba sijaunganisha waya wa ardhi. Bila ardhi ya pamoja, kiboksi hakijui sifuri ya mwenzake iko wapi. Nakuambia mapema kwa sababu na wewe utasahau.

Chipu ile inaongea kwa itifaki ya I2C, iliyobuniwa na kampuni ya Philips mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nyaya ni mbili tu: mmoja wa mapigo, mmoja wa data. Sheria zake unaweza kuziandika mgongoni mwa tiketi ya daladala. Waya wa data ukishuka wakati waya wa mapigo uko juu, mazungumzo yameanza. Ukipanda wakati waya wa mapigo uko juu, yameisha. Katikati, kila pigo likipanda unasoma biti moja. Biti saba za kwanza ni anwani ya unayemwita, ya nane inasema unataka kumwandikia au kumsoma, ya tisa ni ya mwenzako kuitika "nipo". Baada ya hapo ni data, biti nane nane, kila furushi na kiitikio chake. Anwani ya DS1307 ni 68 kwa besi ya 16.

Nikaiwekea dikoda ya I2C, kisha juu yake nikaweka dikoda ya DS1307. Huu mpango wa kubebana ndio ulionifurahisha kuliko vyote kwenye sigrok. Dikoda ya chini inajua tu kwamba kuna baiti zimepita. Haijui kama ni saa, joto au jina la mtu. Ya juu haijui lolote kuhusu nyaya. Inapokea baiti kutoka kwa ya chini na kusema: baiti ya kwanza ni sekunde, ya pili dakika, ya tatu saa. Kila mmoja na kazi yake, na wa juu akikosea unaweza kushuka chini ukamkagua.

Saa mbili na dakika ishirini na nane, tak.

Relei imegonga. Nikasimamisha, nikatazama. Mstari wa juu, wa dikoda ya DS1307, ulisema 08:28:00. Simu yangu ilisema hivyo hivyo. Saa ilikuwa imesetiwa sawa, kama binti alivyosema. Basi kwa nini programu yake imegonga kengele ya 08:40 saa 08:28?

Nikashuka mstari wa chini, wa I2C. Baiti zilizopita zilikuwa 00, 28, 08, kwa besi ya 16. Mwalimu wa Hisabati aliye ndani yangu akaamka. 28 ya besi ya 16 ni mara mbili 16, jumlisha nane. Arobaini.

Chipu ile inaandika saa kwa mtindo unaoitwa BCD. Baiti ina biti nane, inagawanywa nusu mbili za biti nne, na kila nusu inabeba tarakimu moja ya kawaida. Dakika 28 inaandikwa mbili upande wa kushoto, nane upande wa kulia, kila moja peke yake. Programu ya binti ilichukua biti zote nane kama namba moja, ikapata 40, ikaona 40 ni wakati wa kipindi cha pili, ikapiga. Kipindi cha tatu, 09:20, kinaanguka kwenye baiti 14 kwa sababu 14 ya besi ya 16 ni 20, kwa hiyo kililia 09:14. Ndizo dakika kumi na mbili na dakika sita zangu.

Na saa nne? Chipu inapofika 10:00 inaandika 10, moja kushoto, sifuri kulia. Ukiisoma kama namba moja ya besi ya 16 unapata 16. Saa 16:00 ni saa kumi jioni, kengele ya kutawanyika. Kuanzia 10:00 hadi 19:00 usomaji huo unazidisha sita kila wakati: 11 inakuwa 17, 12 inakuwa 18. Sita zile zile za tofauti kati ya saa za Kizungu na za Kiswahili. Ni bahati mbaya tu ya hesabu, haina uhusiano wowote na Kiswahili, lakini makamu angejuaje? Angejua vipi mtu yeyote anayesikiliza honi tu?

Binti alikuwa na kosa, lakini si lile aliloshtakiwa. Aliiseti kwa programu ya mfano inayojua BCD, kisha akaandika usomaji wake mwenyewe asiyejua kwamba BCD ipo. Nilimwonyesha mistari miwili kwenye laptopu, wa chini na wa juu, sikusema kitu. Aliangalia kama dakika moja, akasema, "Kumbe ni mbili na nane, siyo ishirini na nane." Akarekebisha mwenyewe: nusu ya kushoto mara kumi, jumlisha nusu ya kulia.

Makamu aliitwa stoo. Alivaa miwani, akasoma, akauliza, "Kwa hiyo saa ilikuwa sahihi?"

"Ilikuwa sahihi, mheshimiwa."

"Msomaji ndiye aliyekosea."

"Ndiyo."

Akamrudishia ufunguo wa maabara. Msamaha haukuombwa, ila kengele ilirudi ukutani wiki hiyo hiyo.

Nikajifanya fundi

TP ikaisha, nikarudi chuo na kile kiboksi hakijatoka kichwani. Nilitaka kuandika dikoda yangu. Ikanijia wazo la kitoto: dikoda inayokaa juu ya I2C kama ile ya DS1307, lakini badala ya 10:00 iandike "saa nne asubuhi". Nilidhani jioni moja inatosha.

Kuanza ni rahisi kweli. Unaandika klasi moja ambayo lazima iitwe Decoder. Juu yake unajaza fomu, mithili ya fomu ya bweni: jina, toleo la kanuni unazofuata, leseni, unapokea nini, unatoa nini, aina za maandishi utakayoonyesha. Kama dikoda inasoma nyaya moja kwa moja, kazi yako inaishi ndani ya amri mbili. Ya kwanza ni wait: unaiambia maktaba "niamshe waya huu ukipanda", nayo inaruka sampuli zote zisizo na maana mpaka hapo. Ya pili ni put: unasema "kuanzia sampuli hii hadi ile, andika hivi". Mimi nilikaa juu ya I2C, kwa hiyo hata wait sikuihitaji. Ninaletewa neno na namba, kwa mfano "DATA READ, 28", basi. Kwenye Linux unaweka folda yako ndani ya .local/share/libsigrokdecode/decoders, unafungua PulseView upya, jina lako limo kwenye orodha. Siku nilipoliona nilipiga picha skrini nikamtumia mama. Alijibu "hongera mwanangu", nadhani alifikiri nimepata kazi.

Saa za Kiswahili nazo: chukua saa ya chipu, toa sita, gawa kwa 12, baki ndiyo jibu. Jioni ya kwanza, saa kumi na mbili kamili, dikoda yangu ikaandika "saa sifuri". Nikaongeza mstari: ikiwa sifuri, sema kumi na mbili. Nikajiona nimemaliza.

Wiki iliyofuata yule jamaa wa uhandisi aliijaribu kwenye saa yake ya mezani. Ilikuwa saa nne asubuhi. Dikoda yangu ikatangaza, bila wasiwasi wowote, "saa nane".

Chipu yake ilikuwa imewekwa kwenye mtindo wa saa 12. DS1307 ina mitindo miwili, na biti moja ya baiti ya saa ndiyo inayosema uko upi. Saa 10 asubuhi kwa mtindo huo ni 50 kwenye baiti: ile kumi pamoja na biti ya alama. Dikoda yangu ilisoma hamsini, ikatoa sita, ikapata 44, ikagawa kwa 12, baki nane. Hebu tazama jinsi kosa lilivyojificha. Nisingegawa kwa 12 ningeona "saa 44" na ningeshtuka papo hapo. Ule ujanja wangu wa hesabu ndio uliolivika kosa suti na tai.

Hapa ndipo nilipoanza kuogopa dikoda, kwa maana nzuri. Kifaa kibovu unakiona kibovu. Dikoda mbovu inakupa jibu safi, limepangwa vizuri, lina rangi, na wewe umeifungua kwa sababu tayari una shaka na kitu kingine, kwa hiyo yeye ndiye unayemwamini. Kama dikoda ya DS1307 niliyoitumia stoo ingekuwa na kosa kama la kwangu, ningekwenda kwa makamu na laptopu kumthibitishia kwamba binti aliiseti saa vibaya. Na angeadhibiwa kwa ushahidi wa kompyuta, ambao ni mgumu kuupinga kuliko wa makamu.

Nikarekebisha. Kwanza, kabla ya hesabu yoyote, kagua: nusu ya baiti ikizidi tisa, au saa ikizidi 23, usiihesabu, andika onyo. Pili, angalia biti ya mtindo. Tatu, ficha biti za alama ubaki na namba tupu. Nikajaribu kwenye saa ya jamaa: saa nne. Kwenye ya kwangu: saa nne. Safi.

Siku kadhaa baadaye nilikuwa kwenye msuli wa usiku, kifaa kiko mezani kinaendelea kusoma. Saa tatu usiku nikainua macho, dikoda inasema "saa saba usiku". Nikadhani nimesinzia. Kumbe biti ambayo kwenye mtindo wa saa 12 inasema asubuhi au jioni, kwenye mtindo wa saa 24 ni sehemu ya namba yenyewe, ndiyo inayobeba ile ishirini ya 20 hadi 23. Nilipoificha kwa mitindo yote miwili, 21 ikawa 01. Nilirekebisha kosa la jamaa nikazaa la kwangu, na sikuliona kwa sababu majaribio yangu yote niliyafanya mchana.

Rekodi au hakuna kitu

Kuanzia usiku huo nikaacha kujaribu kwa kifaa kilichopo mezani na nikaanza kutunza rekodi. PulseView inakuruhusu kuhifadhi ulichokamata kwenye faili la mwisho .sr, ambalo kwa ndani ni zipu ya kawaida: sampuli na maelezo mafupi ya kasi na majina ya njia. Nina rekodi ya 10:00 mtindo wa saa 24, ya 10:00 mtindo wa saa 12, ya 21:00, ya 18:00, na moja ambayo niliichomoa waya makusudi katikati ili nione kama dikoda itapiga kelele au itabuni jibu. Kwa kila moja nimeandika kwenye karatasi jibu sahihi, nililolisoma kwenye simu wakati ule, si nililolipata kwa dikoda. Tofauti hiyo ni kubwa. Ukichukua jibu la dikoda ukaliita sahihi, unachopima ni kama dikoda inakubaliana na yenyewe.

Sasa nikibadili hata mstari mmoja wa msimbo, napitisha rekodi zote kwa sigrok-cli, ile ya kuandika amri bila dirisha. Mfano:

sigrok-cli -i usiku.sr -P i2c:scl=D0:sda=D1,saa -A saa

Inatoa maandishi, nayalinganisha na karatasi. Sekunde chache. Watu wa sigrok wenyewe wanafanya hivyo kwa kiwango kikubwa: wana hazina moja ya rekodi za vifaa halisi, iitwayo sigrok-dumps, na nyingine, sigrok-test, ya kuziendesha dikoda dhidi ya rekodi na kulinganisha majibu. Mwanzoni niliona ni urasimu. Baada ya "saa saba usiku" nikaelewa.

Ila aliyenifundisha hili kwa uchungu zaidi ni mtu ambaye sijawahi kumwona. Kwenye kompyuta moja ya maabara yetu kuna folda la mradi wa mwaka wa mwisho wa mwanafunzi aliyehitimu zamani, faili zake zina tarehe za 2015. Alitengeneza kihisi cha kina cha maji kwenye tenki, kinachotuma namba kwa waya mmoja kwa itifaki aliyoibuni mwenyewe, na aliandikia dikoda. Nilipoifungua, sigrok iliikataa mlangoni. Iliandikwa kwa toleo la 2 la kanuni za dikoda, na maktaba ya sasa inakubali toleo la 3 tu. Hakuna aliyeiharibu. Imekaa pale pale, na dunia ikasogea.

Mabadiliko yale yalikuwa na sababu. Zamani dikoda ililetewa sampuli zote na kuzizungukia moja moja ndani ya Python, na kwa mamilioni ya sampuli hiyo ni kuhesabu mchanga wa Coco Beach. Amri ya wait ilikuja ili kuruka kuwe kwa maktaba, iliyoandikwa kwa C. Nilichukua dikoda ya huyu kaka au dada, nikatoa ile lupu, nikaweka wait mahali pake, nikabadili 2 ikawa 3. Mchana mmoja. Ikafunguka bila kosa.

Na hapo nikakwama. Mapigo mafupi ni sifuri na marefu ni moja, hilo linaonekana kwenye msimbo. Lakini je, biti kubwa inatangulia au inafuata? Kuna mstari unaozigeuza, na mbele yake mwenyewe ameweka alama ya kuuzima, bila neno la kueleza. Aliuzima kwa sababu haukuhitajika, au alikuwa akijaribu kitu usiku mmoja akasahau kuurudisha? Rekodi hata moja ingejibu. Tenki lenye maji sentimita mia moja na kitu, unasoma pande zote mbili, moja inaleta namba ya maana. Hakuna rekodi. Kihisi chenyewe hakipo, nimefungua kabati zote. Namba ya simu iliyoandikwa kwenye ripoti haipatikani.

Kwa hiyo nina dikoda inayofunguka, haitoi kosa, na sijui kama inasema kweli. Nimeweka onyo juu ya faili, nimeiacha.

Mwezi wa saba namaliza. Dikoda yangu ya saa ni kitu kidogo na sidhani itaokoa mtu, lakini binti yule, sasa yuko kidato cha nne, ameomba aitumie klabuni na amenitumia rekodi ya chipu yao ya pili ambayo inaleta onyo nisilolitarajia. Biti ya juu kabisa ya sekunde imewaka. Kwenye DS1307 hiyo maana yake saa imesimamishwa, haitembei kabisa, na dikoda yangu inasema sekunde ni 80 na zaidi. Yaani inaonya, lakini haisemi kwa nini. Nimemjibu arekebishe yeye, aongeze rekodi hiyo kwenye folda pamoja na karatasi ya jibu, kisha anirudishie.

Folda liko kompyuta ya tatu kutoka dirishani, maabara ya elektroniki. Jina lake ni "saa". Rekodi tano, karatasi tano, na ya sita inakuja. Dikoda ya tenki iko pembeni yake. Kama unamfahamu aliyefanya mradi wa kina cha maji mwaka 2015, tafadhali mwambie tunamtafuta, swali letu ni la mstari mmoja.